Siku ya Mwanamume Isipangwe na Choo

Wanaume wengi wa makamo hapa Mombasa wanaishi kwa kufuata choo bila kujua kwamba wamefikia hapo. Yupo ambaye hapandi matatu ya Mtwapa mpaka aingie msalani mara mbili, yupo anayekosa maziko upande wa Likoni kwa kuhofia foleni ya feri, na yupo aliyehamia safu ya nyuma msikitini, karibu na mlango, kwa kuwa hana hakika kama udhu wake utafika rakaa ya mwisho. Ukiwauliza, watakujibu kwamba ni umri tu. Msimamo wangu ni kwamba mtu akishaanza kuyapanga maisha yake kwa ajili ya mkojo, wakati wa kumwona daktari umewadia, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Mtu mzima mwenye afya hukojoa takriban mara 6 hadi 8 kwa siku, lakini idadi peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwani joto letu hutoa maji mengi kwa jasho, na kahawa tungu inayonywewa barazani baada ya Isha huyarudisha usiku wa manane. Anayeamka mara moja usiku hana la kuhangaikia sana. Anayeamka mara mbili au zaidi karibu kila usiku, ilhali zamani alikuwa akilala hadi alfajiri, aache kahawa na chai ya jioni kwa wiki moja, na asipoona nafuu aende akapimwe.

Sababu inayotajwa zaidi ni tezi dume, na ni haki yake kutajwa. Tezi hii huuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu, na ikikua huubana kama mkono unaokaza mpira wa maji. Takriban nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 huwa na tezi iliyokua. Ukuaji huu wa kawaida si saratani wala haugeuki kuwa saratani, bali mkondo wa mkojo hudhoofika, mtu husimama akisubiri, mkojo hukatikakatika, na akimaliza huhisi kibofu hakijaisha. Kisha kuna yale matone yanayofuata baadaye, ambayo kwa Mwislamu ni mzigo wa pili. Nimewaona wazee wakibadilisha kikoi kabla ya kila swala na kumwendea sheikh kuulizia hukumu ya twahara. Sheikh huwajibu ipasavyo kwa upande wa ibada, lakini tezi yenyewe inabaki bila kuchunguzwa, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi katika jambo hili lote.

Hata hivyo si kila safari ya choo ni ya tezi. Sukari ya damu ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji nyuma yake, ndiyo maana mwenye kisukari asiyejijua hukojoa sana, hushikwa na kiu na hupungua mwili. Tofauti inaonekana kwa kipimo: mwenye kisukari hutoa mkojo mwingi kila aendapo, ilhali mwenye tezi, au maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi huenda kwa haraka akaambulia kidogo. Kwa hiyo napendekeza mtu atenge jagi la kupimia, aandike kwa siku tatu alichokunywa, saa alizokwenda na kiasi alichotoa, kisha karatasi hiyo aifikishe kwa daktari. Itamsaidia daktari kuliko maelezo ya kubabaika kwa aibu.

Damu kwenye mkojo ni jambo jingine kabisa. Aliyekulia Kwale au kando ya Mto Tana akiogelea kwenye mabwawa huenda aliijua utotoni kwa jina la kichocho, akaizoea. Katika umri wa makamo damu hiyo, hata ikiwa bila maumivu, hata ikitokea mara moja ikapotea, inahitaji uchunguzi, kwa sababu saratani ya kibofu huanza hivyohivyo. Homa, maumivu ya ubavuni au mgongoni na kuwashwa wakati wa kukojoa nazo zisingojewe.

Kinachotuponza ni duka la dawa. Mtu hununua antibiotiki bila kupimwa mkojo, akameza nusu dozi, akapata nafuu ya siku mbili. Mwingine hununua dawa za mafua, nazo baadhi yake hukaza shingo ya kibofu au kulegeza msuli wake, akazidi kuziba. Wapo pia wanaoacha dawa za presha kwa sababu zinaongeza mkojo, jambo la hatari kubwa. Muulize daktari kama unaweza kuzimeza asubuhi. Na kuacha kunywa maji katika joto hili hakuponyi kitu, kwani mkojo mzito hukichokoza kibofu na hukaribisha mawe.

Kliniki utapimwa mkojo, sukari na kazi ya figo, na huenda ukapigwa picha ya tumbo na kupimwa damu kwa kipimo cha PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume, ambacho kikipanda hakimaanishi saratani moja kwa moja, maana hata maambukizi hukipandisha. Daktari anaweza pia kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wanakiogopa kidole hicho kupita kiasi, nacho huchukua chini ya dakika moja. Dawa za kulegeza msuli wa tezi huanza kuleta nafuu kwa siku chache au wiki, na zile za kuipunguza tezi huchukua takriban miezi sita, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Hali moja haisubiri miadi wala kesho asubuhi: kibofu kimejaa, tumbo la chini limekaza na kuuma, na mkojo hautoki kabisa. Mwenye hali hiyo apelekwe hospitali usiku huohuo akawekewe mpira wa kutoa mkojo, na asinyweshwe maji zaidi njiani kwa nia ya kuusukuma.