Fremu za dizaina: wanaolipa zaidi sio wote wameibiwa

Ukisema tu umenunua fremu ya miwani ya bei kubwa lazima atokee mtu wa kukwambia umepigwa, unalipia jina, zote zinatoka kiwanda kimoja. Hoja yake ina mashiko na siipuuzi, ila mi naona inapita mbio mno juu ya kitu ambacho mtu anakivaa usoni toka anaamka mpaka anazima taa, na wanaosemwa zaidi mara nyingi ndo hao wenye namba kubwa za macho ambao sababu ya kulipa wanayo kabisa.

Upande wa wanaolalamika unajulikana kwa hiyo nitaupitia haraka. Luxottica, kampuni kubwa ya miwani, ilianzishwa na Leonardo Del Vecchio kule Agordo, Italia, mwaka 1961, na leo, baada ya kuungana na Essilor, watengeneza lenzi wa Ufaransa, 2018, Ray-Ban, Oakley na Persol zote ni zake, na juu ya hapo inatengeneza kwa leseni fremu za Prada, Chanel, Versace na Armani. Yaani nyumba ya mitindo inatoa jina na kuwa na sauti kwenye muundo, inalipwa chake, kazi ya kiwandani wanafanya wengine. Na maduka wanayo pia, LensCrafters na Sunglass Hut ni zao. Oakley yaliwakuta: Luxottica ilivyoinunua Sunglass Hut 2001 oda za Oakley zikakatwa, hisa zikaporomoka, na ilipofika 2007 Oakley yenyewe ikanunuliwa kwa kama dola bilioni 2.1. Soko likishakuwa la hivyo bei haiwezi kuwa ya haki, hapo sibishani na mtu.

Sasa kuna namba moja ambayo kila mjadala wa fremu lazima irushwe. E. Dean Butler, mwanzilishi wa LensCrafters, aliwaambia Los Angeles Times mwaka 2019 kwamba fremu nzuri tu kutoka kiwandani inapatikana kwa dola 4 mpaka 8, na kwa dola 15 unapata ya kiwango cha Prada. Watu wanaibeba hiyo 15 wanaigeuza fimbo: unaona, dola 15 tu, wewe umelipa mamia! Nimeifikiria sana hii namba manake naona inasomwa nusu. Ni bei ya kutoka kiwandani, haina kodi ya duka, haina yule mtu anayekupima na kukurekebishia mikono ya miwani, haina fremu zinazokaa kwenye shelfu bila kununuliwa. Lakini hata hilo tuliache, iangalie yenyewe ilivyo: kati ya 4 na 15 ni karibu mara nne. Kwa hiyo huyohuyo anayetolewa kama shahidi kwamba fremu zote ni sawa anasema kiwandani kwenyewe, kabla jina lolote halijabandikwa, fremu ya chini na ya juu zina bei tofauti kwa sababu ni vitu tofauti. Kinachofanyika dukani ni hiyo tofauti kuzidishwa kupita kiasi. Kuzidishwa ni dhuluma, sawa, ila huwezi kuzidisha kitu ambacho hakipo.

Na tofauti unaweza kuishika kwa mkono. Fremu nyingi za plastiki za rahisi zinamwagwa kwenye kalibu na kupakwa rangi juu, kwa hiyo baada ya muda pale inapogusana na jasho, nyuma ya sikio na kwenye pua, rangi inaanza kubanduka. Asetati nzuri, nayo ni aina ya plastiki, inakatwa kutoka kwenye bamba, rangi imeingia mpaka ndani, ukiikwangua chini yake ni rangi ileile, na kubwa zaidi ni kwamba ikipashwa moto inakunjika na inakaa ilivyokunjwa, fundi anaweza kuifuata pua yako na masikio yako ambayo hayalingani (ya karibu kila mtu hayalingani). Za chuma ndo hivyohivyo, kuna zenye nikeli ambayo ngozi za wengine zinaikataa, panawasha panakuwa pekundu, na kuna za titani safi ambayo ni nyepesi na haina shida hiyo. Fungua mkono wa miwani taratibu utazame bawaba: kama pingili zake zimeshikana vizuri na mkono unafunguka kwa uzito uleule mwanzo mpaka mwisho, hiyo itakaa. Kama unacheza juu chini ikiwa bado mpya dukani, unajua itakuwaje.

Watu wanachosahau kabisa ni kuteleza. Ukivaa lenzi ya -2 (ya asiyeona mbali) na fremu ikashuka kwenye pua mpaka lenzi ikasogea milimita 4 mbali na jicho, hutaona tofauti, lenzi inafanya kazi kama -1.98. Mwenye -8, fremu ikimtoka mbele milimita hizohizo 4, lenzi yake inafanya kazi kama -7.75. Hiyo robo iliyopotea ndo hatua moja nzima ambayo daktari anahangaika nayo kwenye kiti akikuuliza ipi bora, ya kwanza au ya pili. Yaani amepimwa vizuri, lenzi imekatwa vizuri, halafu fremu isiyoshika inamrudisha nyuma, anakodoa, kichwa kinauma, jioni amechoka na hajui kwa nini. Wenye lenzi za progresivu, zile za kuonea mbali juu na kusomea chini, wao fremu ikishuka kidogo tu sehemu ya kusomea inakimbia, wanaanza kuinua kidevu. Na huyuhuyu wa -8 akichagua fremu pana kwa sababu ndo iliyokuwa rahisi, ukingo wa lenzi unanenepa, uzito unaongezeka, na uzito ukiongezeka inateleza zaidi. Mtu wa namna hii akilipa zaidi apate fremu ndogo, nyepesi, yenye pedi za pua zinazorekebishika, mi siwezi kumwita mtu wa mashauzi.

Halafu kuna suala la kuipenda. Wako watu wazima wanaoishi na miwani ndani ya droo kwa sababu wakijiangalia kwenye kioo hawajioni. Akipata inayomkaa, hata kama imemgharimu, anaivaa kila siku, anaona barabara. Hiyo faida haiandikwi kwenye risiti lakini ni ya kweli.

Ila hayo yote niliyosifia hakuna hata moja linaloitwa jina. Kwenye mji wa Sabae kule Japani wanatengeneza fremu za titani ambazo wenye kazi hiyo wanaziheshimu sana na nyingi hazina jina la mbunifu wa nguo hata kidogo, na zinaweza kuwa ghali kuliko zenye jina. Upande mwingine kampuni ya Warby Parker walianza 2010 Marekani wakiuza miwani kwa dola 95 na lenzi zake ndani, na watu wengi wenye namba ndogo wakaridhika wala hawakukosea. Kama namba yako ni ndogo, au unavaa ukisoma tu, sioni cha kukufanya ulipie nembo ubavuni. Na titani nayo ina lake, ikivunjika sio kila fundi anaweza kuiunga.

Kinachoniuma ni mtu anayemaliza hela kwenye fremu halafu akifika kwenye lenzi anaomba ya bei ya chini kabisa. Lenzi ndo inayoona, ianze kutengewa yake, kinachobaki ndo cha fremu. Ukishafika kwenye shelfu soma zile namba za ndani ya mkono, kwa mfano 52-18-140, yaani upana wa lenzi, nafasi ya pua na urefu wa mkono, ulinganishe na miwani yako ya sasa inayokukaa vizuri. Muulize muuzaji imetengenezwa na nini, inakunjika kwa moto au la, pedi na skrubu zake zikipotea zinapatikana. Akijibu hayo yote, ongeeni bei. Akibaki kukutajia jina tu, irudishe kwenye shelfu.