Kibogoyo wa Kibuye

Kisumu ni mji wa benga, muziki wa magita wa Waluo, na katika benga besi haijifichi nyuma ya wenzake. Hujibizana na gita la solo, hupanda na kushuka mbele ya watu, na mpigaji akikosea noti moja, hata muuza omena aliye nje ya ukumbi hugeuza shingo kutazama ni nani huyo. Kwa hiyo kila mtu hapa anajua gita la besi linavyopaswa kuonekana, na sikushangaa kwamba yule muuzaji wa soko la Kibuye alikuwa amelilaza lile lake kwenye turubai, kati ya redio zilizokufa na feni isiyo na mapanga, huku akiona haya kulitaja.

"Meno yameng'oka yote, Mwalimu," aliniambia kabla sijauliza lolote. "Lakini mwili ni mzima."

Meno aliyoyasema ni freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gita ili kidole kikibonyeza uzi, noti itoke palepale inapotakiwa. Mmarekani Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme mwaka wa 1951, aliipa jina la Precision, yaani usahihi, kwa sababu hiyohiyo: freti zilimwondolea mpigaji kazi ya kuwinda noti kwa sikio, kazi iliyokuwa imewatesa wapigaji wa besi kubwa ya kusimama miaka yote. Baadaye wakatokea watu waliotaka kurudishiwa mateso hayo. Mwaka wa 1966 kampuni ya Ampeg ilianza kuuza besi ya umeme isiyo na freti, na mwaka wa 1970 Fender nao wakatoa ya kwao, kwa sababu sauti ya besi ya namna hiyo huteleza kutoka noti hadi noti na kulia kwa namna ambayo besi ya kawaida haiwezi.

Nilichuchumaa, nikapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya shingo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haukukwama mahali popote. Palikuwa na ubao mmoja mweusi usio na mfuo hata mmoja uliowahi kuzibwa, na pembeni mwa shingo vidoa vidogo vyeupe vya kumwongoza mpigaji. Nyuma, shingo inapoungana na mwili, palikuwa na bamba la chuma lililosema kwamba kitu hiki kilitengenezwa Japani, na umbo lake lilikuwa la miaka ya 1970, wakati viwanda vya huko vilipokuwa vikinakili besi za Wamarekani kwa bidii. Gita hili halikuwa limepoteza jino lolote. Lilizaliwa kibogoyo.

Sikumwambia muuzaji. Nilitikisa kichwa kwa majonzi, nikamuuliza meno hayo yalipotelea wapi, naye akasema labda watoto. Aliomba shilingi 12,000. Nikashusha pumzi ndefu, naye akashuka pamoja nayo. Tulipofika 7,000 alinionea huruma kiasi kwamba akanitilia na mkanda wa kuvalia gita, ambao nilipoutazama vizuri nyumbani niliona ulikuwa mkanda wa begi la shule.

Kazi ya kulifufua ilianza vizuri. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta mayai ya mende na ganda la njugu, jambo ambalo bado linanitatiza, kwa kuwa kifuniko kile kilikuwa na skrubu nne zilizoshikwa na kutu. Vinobu vya sauti vilikwaruza kila vilipoguswa. Nikavipulizia dawa ya kusafishia umeme, vikanyamaza. Waya uliokatika ulirudishiwa kwa solda na kijana anayetengeneza simu karibu na barabara ya Oginga Odinga, aliyekataa malipo kwa sababu, alisema, gita lenyewe lilikuwa tayari limepata msiba wa kutosha. Nyuzi nilizichemsha. Ndivyo wapigaji besi wasio na fedha wafanyavyo: maji yanayochemka hutoa jasho na mafuta yaliyojibana kati ya mizunguko ya waya, nazo hupata uhai tena kwa muda. Mama watoto alifunua sufuria akitarajia nyoyo, yale mahindi na maharagwe yetu, akafunika tena bila kusema neno, na sufuria hiyo ikahamishiwa kwangu rasmi.

Lililobaki lilikuwa moja. Upande wa chini, karibu na mwili, ubao mweusi ulikuwa umeanza kubanduka kutoka kwenye shingo, ukiacha upenyo ambao ungeweza kupitisha kadi ya simu. Hapo panahitaji gundi nzuri na jiriwa za kubana sawasawa, na jiriwa sina. Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi seremala upande wa Kondele, ambaye vitanda vyake havilii hata kidogo, na kwa wajuzi wa nyumba za kupanga hiyo ni sifa kubwa.

"Mzee, ni gundi na jiriwa tu," nilimwambia. "Usiguse kitu kingine."

"Mwalimu, ondoa shaka," alisema, akiipapasa ile shingo laini kwa kiganja na kuninong'oneza, "Pole sana."

Siku iliyofuata nikaenda Nairobi kusahihisha mitihani ya kitaifa. Nikiwa huko alinipigia simu, akasema kazi imekwisha na kwamba nitafurahi kuliko nilivyotegemea. Fundi anayemaliza kazi mapema na kupiga simu mwenyewe ni mtu wa kuogopwa, nami nilikaa na wasiwasi hadi nilipoteremka kwenye basi, Jumamosi jioni, nikaenda kwake moja kwa moja na begi mgongoni.

Alikuwa amelisimamisha juu ya meza, limepakwa vanishi, linang'aa. Na juu ya shingo, kutoka mwanzo hadi mwisho, palikuwa na meno. Alikuwa amekata mifuo kwa msumeno mwembamba, akakatakata spoki za baiskeli, akavipachika vipande vyake kwa gundi na kuvikwangua ncha kwa tupa ili visinijeruhi mkono. Kwa jinsi kazi ilivyofanywa, nakiri kwamba ilikuwa safi. Hata suala la nyuzi kugonga spoki alikuwa amelifikiria, akatia njiti ya kiberiti chini ya kile kibao chenye pengo za nyuzi juu ya shingo, na kulipandisha kwa bisibisi daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi upande wa mwili.

"Nimeziweka 18," alisema. "Umbali ni inchi moja na robo, zote. Hakuna iliyodhulumiwa."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hapo ndipo magoti yalipolegea. Freti hazigawanywi kwa haki. Uzi wa besi hii una urefu wa inchi 34 kutoka kibao cha juu hadi daraja, na ili kupata freti ya kwanza unagawanya urefu huo kwa 17.817, upate karibu inchi 1.9. Kisha unachukua urefu uliobaki, unaugawanya tena kwa namba ileile, na kuendelea hivyo, kila nafasi ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia, hadi freti ya 12 inapoangukia katikati kabisa ya uzi, inchi 17. Ya mzee ya 12 ilikuwa inchi 15. Alikuwa ameugawa muziki jinsi urithi unavyogawanywa mbele ya chifu.

Ningezing'oa usiku uleule, lakini asubuhi kulikuwa na harambee ya paa la kanisa, wageni walikuwa wamealikwa kutoka Siaya na Vihiga, na besi nyingine ya kanisa ilikuwa imekufa sumaku zake tangu mvua za masika. Basi nilikaa sebuleni na programu ya simu inayopima noti, nikazijaribu freti za mzee moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilitoa kitu kilichokuwa zaidi ya nusu ya nusu-toni, ile hatua ya freti moja, lakini hakikufika. Chache ziliangukia noti halali, ila si yao: ya tatu ilitoa noti ya freti ya pili, ya 12 ikatoa ya 10, na mkono uliozoea njia moja kwa miaka hauwezi kufundishwa ramani mpya usiku mmoja. Kisha nikafika ya 17. Nikapima, nikapima tena. Freti ya kweli ya 17 hukaa inchi 21.26 kutoka juu. Ya mzee ilikuwa 21.25. Katika freti zote, hiyo peke yake ilikuwa imesimama mahali pake halisi, bila mzee kujua na bila yeye kukusudia.

Fikiria sasa nilichokuwa nacho. Nyuzi nne zikiachwa wazi hutoa E, A, D na G. Freti ya 17 kwenye uzi wa G hutoa C, tena C ya juu sana. Na wimbo wa kanisani ulio katika G, ukiuvua mapambo yote, unahitaji G, C na D.

Alfajiri nilimwendea mpiga kinanda, nikamwomba nyimbo zote za siku hiyo ziwe katika G.

"Kwa nini?"

"Koo linaniuma."

"Lakini wewe huimbi."

"Ndiyo maana ninakuomba kwa upole."

Ibada ikaanza. Kwa kadiri kwaya ilivyokaa kwenye G na D, nilikuwa mtu mtulivu, mkono wa kushoto ukining'inia tu kando, jambo lililowafanya wazee wa safu ya mbele wanong'onezane wao kwa wao. Lakini kila wimbo ulipoelekea C, ilinibidi niurushe mkono wote hadi mwisho wa shingo, karibu na tumbo langu mwenyewe, nibonyeze ile freti moja takatifu, kisha niuondoe upesi kabla D haijafika. Kiitikio cha wimbo wa pili kilikuwa na C nne mfululizo zenye kupumzika katikati. Nilikuwa ninaruka, ninarudi, ninaruka, ninarudi, na sauti ya C hiyo ikawa inatoka nyembamba, juu ya vichwa vya waimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ya kwaya, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia besi ikikaa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni mmoja wa Vihiga akasimama na kupunga leso. Mchungaji alipochukua kipaza sauti alisema kwamba leo Roho ameshuka hadi kwenye kamba, na watu wakatoa.

Mzee fundi alikuwa pale pia, safu ya tatu, na koti lake la sherehe. Kila nilipofika C alimgusa jirani yake kwa kiwiko.

Wiki ile ile nilizing'oa. Nilipasha kila kipande kwa ncha ya solda hadi gundi ikalegea, nikakivuta kwa koleo, kisha nikajaza mifuo kwa vijipande vya mbao nyeupe na kupiga msasa. Halafu nikafuata mfano wa Jaco Pastorius, Mmarekani aliyeifanya dunia iisikilize besi isiyo na freti miaka ya 1970: besi yake ya Fender ya mwaka 1962 ilikuwa na mifuo iliyozibwa, na ubao wake aliupaka epoksi ya boti ili nyuzi zisiutafune. Epoksi ya boti Kisumu si shida. Fundi mmoja wa Dunga anayeziba boti za faiba alinipimia kwenye kikopo cha blubandi na kunionya nipake ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba palikuwa na mama watoto, ambaye bado alikuwa ananidai sufuria, kwa hiyo nilipaka nje, jioni, bila upepo. Wakaja vijidudu vya ziwani. Wanaokaa Kisumu wanajua wanavyotokea, wingu zima kutoka majini kufuata taa, na epoksi mbichi inang'aa vizuri chini ya balbu. Nimewasugua kwa msasa nusu wakaisha, lakini mmoja amezama chini kabisa, mabawa yamenyooka, anaonekana wazi kwenye uzi wa G.

Gita sasa linalia kwa utamu niliolitakia tangu mwanzo. Shida ni ile mistari myeupe. Besi nyingi zisizo na freti huchorwa mistari mahali freti zingekuwa, ili imsaidie mpigaji. Yangu ina mistari ya mzee, iliyogawanywa kwa haki, na mpigaji mwenzangu aliyeliazima kwa ajili ya harusi ya Ahero aliifuata kwa uaminifu tangu bibi arusi alipoingia hadi alipokalishwa. Hatujazungumza tangu siku hiyo. Mimi huangalia mdudu. Yuko karibu robo inchi kabla ya mstari wa saba wa mzee, na hapo ndipo penye C ya chini, sahihi kabisa.

Kwa upande wa Kondele, biashara imepanuka. Kibao cha mzee kilichokuwa kinasema vitanda, milango na majeneza kimeongezewa neno magita, baada ya majeneza, kwa rangi nyekundu. Juzi alinipigia simu kuniomba nimwazime lile langu siku mbili tu, aliweke mbele ya karakana ili wateja waone mfano wa kazi.

Nilimwambia limesafiri.