Watermark ya Enya: utulivu wake unatoka wapi hasa

Ukimtaja Enya, yule mwimbaji wa Ayalandi, mbele ya watu wanaofuatilia muziki majibu huwa mawili tu. Kuna wanaosema huyu dada ndo amewasindikiza usiku wa kusomea mitihani, amewashika mkono wakati wa msiba, wakikosa usingizi ni yeye. Na kuna wanaosema huo wala sio muziki wa kukaa ukausikiliza, ni sauti ya kuweka kwenye lifti na sehemu za masaji ili mteja asikae kimya peke yake. Mi niko upande wa wanaompenda, na albamu ninayoisimamia ni Watermark ya 1988, ila nadhani wengi wetu tunaoipenda tunaitetea kwa sababu ambayo siyo. Tunasema inatuliza kwa kuwa ni muziki wa kale wa Wakelti, wale watu wa kale wa Ulaya magharibi, umetoka kwenye ukungu na mawe ya zamani huko, na wanaoipinga wakishatuonyesha kwamba sivyo tunabaki hatuna la kusema, wakati albamu yenyewe ina la kusema.

Kwa kifupi kwa asiyemjua. Jina lake ni Eithne Ní Bhraonáin, amezaliwa 1961 Gweedore, Donegal, kaskazini magharibi mwa Ayalandi, sehemu ambayo Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani. Nyumba nzima ilikuwa ya muziki, baba alikuwa na bendi na baa, mama mwalimu wa muziki, na ndugu zake pamoja na wajomba zake wakaanzisha Clannad, bendi iliyokuwa inachukua nyimbo za kwao na kuzipiga kisasa. Enya aliingia Clannad 1980 akipiga kibodi na kuitikia, 1982 akatoka, akaondoka na watu wawili aliofanya nao kazi kwenye albamu zake zote: Nicky Ryan aliyesimamia sauti na utayarishaji, na mke wake Roma Ryan aliyeandika mashairi. Studio yao ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa hao hao akina Ryan, Dublin. BBC wakawapa kazi ya kutengeneza muziki wa mfululizo wa vipindi kuhusu Wakelti, muziki huo ukatoka kama albamu 1987, na hapo ndipo lebo ya Ukelti ilipomgandia. Rob Dickins, aliyekuwa anaongoza kampuni ya rekodi ya Warner Uingereza, akausikia akamsaini, na Septemba 1988 ikatoka Watermark. Orinoco Flow ikakaa namba moja Uingereza wiki tatu, na albamu imeshauza zaidi ya kopi milioni 10.

Sasa twende kwenye sauti yenyewe maana hapa ndo pana utamu. Ukisikiliza kwa makini utagundua karibu hakuna kitu kinachogonga. Ngoma ziko nyimbo chache tu, gitaa hulisikii, hata zile nyuzi zinazodonoa mwanzoni mwa Orinoco Flow ambazo dunia nzima inazijua ni kinanda, Roland D-50, wala sio fidla. Juu ya hapo inakuja ile kwaya. Kwaya yote ni mtu mmoja. Enya anaimba mstari, anaurudia, anaurudia tena, kila mara upya kwa mdomo wake, hawachukui kipande kimoja wakakinakili kwenye mashine, na Nicky Ryan anazirundika sauti hizo mpaka zinafika makumi na kwenye baadhi ya nyimbo zake mamia. Ryan alikuwa anampenda sana Phil Spector, yule prodyuza wa Marekani wa miaka ya 60 aliyekuwa anajaza wapiga vyombo chumbani mpaka sauti zao zinakuwa ukuta, na alitaka kujenga ukuta kama huo ila kwa sauti ya binadamu mmoja. Kwa kuwa kila mara anapoimba pumzi inatofautiana kidogo na sauti inapanda au kushuka kidogo sana, ukizirundika zile tofauti ndogo ndo zinaleta ule ulaini, mwanzo wa neno hausikiki kwa ukali kwa sababu kuna sauti nyingi hazijaanza sekunde ile ile. Sikio halipati kona ya kujigonga.

Ndo maana nasema utulivu huu umetengenezwa, tena kwa kazi kubwa, na ukiutafutia asili yake utaupata kanisani kuliko kwenye ngano za Wakelti. Cursum Perficio imeimbwa kwa Kilatini na imepangwa kama watu wanaoimba misa wakiwa kwenye jengo la mawe lenye mwangwi mrefu. Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya parokia, iwe Donegal iwe Songea, anaujua mwili unavyoshtuka pale sauti ya chini inapoingia ya juu ikiwa imeshatangulia. Hilo halihitaji uwe na damu ya Kikelti.

Na hapa wapinzani wana hoja nzito, lazima tuwape haki yao. Muziki wa jadi wa Ayalandi una makelele ya furaha, ni fidla na filimbi na ngoma ya mkono, watu wamejaa baa wanapiga miguu, kasi ambayo usingizi hauji hata kidogo. Na upande wa uimbaji kuna sean-nós, mtindo wa zamani ambao mtu anaimba peke yake bila chombo chochote, kwa Kiayalandi, akizungusha sauti na kupamba kila neno, na wasikilizaji wanajua huyu ni mtoto wa fulani kutoka kijiji fulani kwa namna anavyoukunja ule wimbo. Watermark imefanya kinyume kabisa, imechukua sauti ya mtu mmoja ikaizidisha mpaka mtu mwenyewe haonekani, mapambo yote yamepigwa pasi, na chombo cha jadi kama uilleann pipes, ile zumari ya viriba ya Kiayalandi, kipo kwa sehemu ndogo tu akipiga Davy Spillane. Kwa hiyo mtu wa Donegal akisema hii sio ngoma ya kwetu, hakosei.

Ila hapo hapo kuna kitu wanakiruka. Lugha. Kiayalandi ndo lugha aliyolelewa nayo huyu dada, hajajifunza ukubwani ili auze, na wimbo wa mwisho wa albamu unaokumbuka siku za utoto ameuimba kwa lugha hiyo hiyo. Sensa ya Ayalandi ya 2022 ilionyesha watu kama 72,000 tu ndo wanaongea Kiayalandi kila siku nje ya shule. Lugha ya watu wachache hivyo, halafu iingie kwenye nyumba za mamilioni huko Japani na Brazili na Marekani, bila tafsiri, bila kuomba radhi, mi naona hilo ni jambo kubwa na linaniuma watu wanapolipita kana kwamba ni pambo. Clannad walishafungua njia hiyo 1982 kwa wimbo wa Kiayalandi ulioingia tano bora Uingereza, lakini albamu nzima inayochanganya Kiingereza, Kiayalandi na Kilatini kama vile zote tatu zina haki sawa ya kusikika, hiyo haikuwa kawaida kwenye muziki wa biashara. Sisi tunaoishi na lugha za nyumbani ambazo redioni hazipigwi tunaelewa uzito wake.

Lawama ya pili, na hii ndo naisikia zaidi, ni kwamba muziki wa namna hii unampumbaza mtu. Tuzo za Grammy zilianzisha kipengele cha nyu eji (new age, muziki laini wa kutuliza) 1987, na kwa miaka ile maduka ya kaseti yalikuwa yanaweka pamoja wapiga piano, watu wa kutafakari, sauti za bahari, kila kitu kilichokuwa laini. Enya akapachikwa humo humo na akaja kushinda kipengele hicho mara nne, japo mwenyewe hajawahi kulipenda sana jina hilo. Hoja ya wapinzani ni kwamba muziki unaouzwa kama dawa unamfundisha msikilizaji kutosikiliza, unakuwa wa kuweka tu huku unafanya mengine, na msanii naye anajifunza kutosema kitu kinachoweza kumsumbua mteja.

Kama jambo la jumla kuhusu nyu eji nakubali, ziko albamu nyingi sana za namna hiyo na hazina kitu ndani. Ila Watermark ukikaa na maneno yake sio albamu ya raha hata kidogo. Evening Falls ni hadithi ya mzuka, inatokana na kisa cha mwanamke anayeota nyumba fulani mara kwa mara, siku anaifikia kweli anakuta wenyeji wanamuogopa, kwa sababu yeye ndo mzuka unaowatokea. Hebu weka hiyo kwenye sehemu ya masaji halafu mteja aelewe kinachoimbwa. Exile ni mtu yuko mbali anangoja. On Your Shore ina klarineti ya Neil Buckley inayoingia katikati kama mtu anayejizuia kulia. Wanaokufa, wanaoondoka, wanaokumbuka, ndo wamejaa humo, na utulivu unaosikika ni wa mtu aliyeshalia akamaliza, sio wa mtu ambaye hajaguswa. Nadhani watu wenye msiba wanaikimbilia kwa sababu hiyo hata kama hawajui neno moja la Kiayalandi. Haikwambii usijali.

Tatizo ni pale wengine wanapoamua kuutumia. Mfano mkubwa ni Only Time, hauko kwenye Watermark, uko kwenye albamu yake ya 2000. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001 vituo vya televisheni Marekani vikawa vinauweka juu ya picha za majengo yanayoanguka, wimbo ukapanda mpaka namba 10 kwenye Billboard Hot 100 na albamu ikafika namba mbili. Watu wengi walifarijika kweli, na yeye akatoa toleo maalum la wimbo huo ambalo mapato yalienda kwa familia za wazima moto. Lakini mi sijawahi kutulia na jambo hilo. Picha ya watu wanaokufa ukiiwekea sauti laini hivyo unamuondolea mtazamaji hasira na maswali, anabaki na huzuni tu nzuri nzuri isiyouliza nani na kwa nini. Kosa sio la mwimbaji, ila linaonyesha wapinzani hawatishwi na kivuli, ule ulaini ukitolewa kwenye maneno yake ukawekwa popote unaweza kufunika chochote.

Halafu kuna Storms in Africa, ambao sisi huku hatuwezi kuuruka. Uko kwenye Watermark, umeimbwa kwa Kiayalandi, baadaye wakatoa toleo la Kiingereza. Ni mchanga, upepo, mvua inayokuja, na Afrika hiyo haina mji, haina mto wenye jina, haina mtu. Mtu wa Dodoma anayeijua mvua ya kwanza inavyonuka baada ya miezi ya vumbi hatajikuta humo. Ni Afrika ya kufikirika ya mtu aliyeko mbali, na Orinoco Flow nayo ni vile vile, inakimbia kutoka Bissau mpaka Palau, Peru mpaka Cebu, majina yamechaguliwa kwa vina, na jina Orinoco lenyewe limetoka kwenye studio ya London walikofanyia sehemu ya kazi. Hilo ni pengo na silitetei. Ila kimuziki Storms in Africa ndo wimbo wenye nguvu kuliko yote humo, ngoma zinaingia polepole, sauti zinarundikana mpaka unahisi kweli kuna kitu kizito kinakaribia, na ni moja ya sehemu chache ambapo albamu inakataa kumbembeleza mtu. Naupenda na naukosoa kwa wakati mmoja na sioni haja ya kuchagua.

Na kwa wale wanaosema muziki huu hauna lolote kwetu, wengi wao wameshaucheza klabu bila kujua. Boadicea ya albamu yake ya 1987, wimbo usio na maneno, ni mguno tu, ndo iliyolala chini ya Ready or Not ya Fugees 1996, walioitumia bila ruhusa ikabidi wayamalize nje ya mahakama, kisha I Don't Wanna Know ya Mario Winans 2004 ambayo redio zetu zilipiga mpaka basi, na 2022 ikarudi tena kwenye Creepin' ya Metro Boomin. Mguno ule ule, bila masaji na bila ukungu, unabeba wimbo wa mtu anayesalitiwa. Ungekuwa ni ulaini mtupu usingebeba hayo.

Lawama ambayo sina jibu nayo ni ya kujirudia. Albamu nane kuanzia 1987 mpaka Dark Sky Island ya 2015, watu wale wale watatu, na hajawahi kufanya ziara ya matamasha peke yake hata mara moja, kwa hiyo hakuna jukwaa lililowahi kuulazimisha muziki huu ubadilike mbele ya watu. Ukisikiliza za baadaye unasikia wanajua kabisa tunachotaka na wanatupa. Watermark inatofautiana hapo, Orinoco Flow ilikuwa bado haijaonekana kwenye chati yoyote, hakukuwa na mteja wa kumpendeza, ndo maana ina Kilatini, ina mzuka, ina kipande cha piano cha dakika mbili na ushee kinachofungua bila neno lolote. Asiyeijua asianzie Orinoco Flow maana ameshaisikia mahali sana. Aanze na Cursum Perficio, sauti aifungue kubwa ya kutosha aisikie ile besi, halafu aende Evening Falls na maneno yake yakiwa mbele ya macho.