Assalé na Mazembe: aliondoka mapema?

Lubumbashi, DR Congo, ukilitaja jina la Roger Assalé, ubishi hauishi. Winga huyo wa Côte d'Ivoire alitua kwa Kunguru, yaani TP Mazembe, mwaka 2015 akitoka Séwé Sport, na Januari 2017 alishakwenda Young Boys ya Uswisi. Wengine wanasema alikuwa anaokota tu alichoacha mshambuliaji mwenzake, Samatta. Wengine wanasema Mazembe haijampata tena mtu kama yeye.

Wa kwanza wana hoja. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, baada ya kupoteza 2-1 Omdurman, Sudan, Mazembe iliipiga Al-Merrikh 3-0 hapa nyumbani: Samatta mawili, Assalé moja. Marudiano ya fainali na USM Alger, 8 Novemba, Samatta alitangulia kwa penati dakika ya 74, Assalé akafunga la pili katika dakika za nyongeza. Mara zote mbili mpinzani alikuwa nyuma na lazima apande, na winga mwenye mbio hufurahia mabeki waliopanda.

Lakini nafasi hiyo haijifungi yenyewe. Dakika ya 90, winga ambaye mechi nzima amepanda na kushuka akipambana na beki wa pembeni huwa miguu imekwisha. Assalé alijua kuingia bila mpira: anakaa pembeni, anangoja beki wa kati amtazame Samatta, ndipo anapita kati ya beki huyo na yule wa pembeni. Ukianza mapema ni ofsaidi. Ukichelewa, kipa ameshautokea mpira. Hiyo ni kazi, si kuokota.

Mwaka 2016 Samatta alikuwa Genk ya Ubelgiji. Wydad iliitoa Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa, 2-0 kwao na 1-1 hapa, ila mwaka huohuo Kombe la Shirikisho lilikuja Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, baada ya MO Béjaïa kufungwa 4-1. Mwaka huo hauupi ushindi upande wowote wa ubishi huu.

Machi 2017 ndiyo inayouma. Assalé hayupo, CAPS United inatoa sare ya 1-1 hapa, inamaliza 0-0 Harare, Mazembe nje kwa bao la ugenini. Hata hivyo, Harare CAPS ilihitaji tu kutofungwa, na timu inayolinda haiachi uwazi nyuma ya mabeki. Mbio zake zingesaidia kidogo kuliko tunavyopenda kuamini. Na Novemba hiyohiyo Kombe la Shirikisho lilichukuliwa tena, mbele ya SuperSport United, bila yeye.

Kwa upande wake mchezaji, hakukosea: mwaka 2018 alikuwa bingwa wa Uswisi na Young Boys, taji ambalo klabu ililisubiri tangu 1986. Kosa la Mazembe lilikuwa la kalenda. Winga akiondoka Januari na mechi za Afrika zikaanza Machi, mrithi wake ana wiki chache tu za kujua kiungo anaachia pasi lini. Mrithi huyo alitakiwa awe kikosini katikati ya 2016, acheze nusu msimu akiwa na Assalé bado uwanjani.