Kwani hapa umekosa nini?

"Wazungu wana makaratasi, sisi tuna watu." Kauli hii nimeisema miaka yote niliyokaa hapa Leicester, na wenzangu wa Tanga wakiniunga mkono. Siisemi tena.

Mama mkwe wangu ni Mwingereza, alizaliwa 1958 na akaasiliwa akiwa kichanga. Huku England na Wales, sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyompa aliyeasiliwa, akishatimiza miaka 18, haki ya kuomba cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa. Ila aliyeasiliwa kabla ya tarehe 12 Novemba 1975 lazima kwanza azungumze na mshauri, maana kina mama wengi wa enzi hizo waliamini siri yao haitatoka. Mkwe wangu hakuitumia haki hiyo miaka arobaini na zaidi, akiogopa kuwaumiza waliomlea. Walipofariki wote wawili, akaniomba tuianze safari pamoja.

Cheti kilipofika alinipa mimi nikisome. Jina la mama lipo, na kazi yake: mhudumu wa mkahawa. Pa baba pamepigwa mstari tu. Jina la mtoto silo tunalomwita. Pembeni karani ameandika kwamba ameasiliwa. Mkwe wangu aliupitisha kidole ule mstari, kisha akalitamka jina lake la kwanza, polepole, mara mbili. Kutoka hapo tukafuata daftari za ndoa na za vifo. Mama hakumkuta. Lakini ana mdogo wake wa tumbo moja, saa moja tu kwa gari kutoka kwetu.

Usiku ule nilimfikiria mjomba wangu. Aliletwa kwa bibi yangu akiwa mchanga, na mapenzi hakukosa hata siku moja. Alipokuwa kijana aliuliza, akajibiwa: "Kwani hapa umekosa nini?" Hakuuliza tena. Cheti chake alikitafuta ukubwani, alipotaka pasipoti, kwa hati ya kiapo, na mama aliyeandikwa ni bibi. Bibi alifariki 2011. Sasa kila mtu ana lake: huyu anasema alitoka Pangani, yule Pemba.

Tusisingizie sheria wala dini. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatamka haki ya mtoto kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ukoo wake. Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Suratul Ahzab tuwaite watoto wa kulea kwa majina ya baba zao. Kinachotufunga midomo ni haya, na haya hiyo anayeilipa ni mtoto.

Yuko bibi mmoja Pangani, shoga wa marehemu bibi yangu, ana miaka themanini na kitu. Nilipompigia mara ya kwanza alisema hayo yameshapita. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, anayetaka kujua ni yeye au ni wewe?"

Nikamsomea namba ya mjomba, tarakimu moja moja, mjukuu wake akiandika.