Oksijeni haikuisha njiani, iliisha kabla gari halijawashwa

Maelezo ni yale yale tuliyoyazoea. Mgonjwa katoka hospitali ya wilaya kwa ambulensi akiwa na oksijeni, mtungi ukaisha njiani, kafika hospitali ya mkoa akiwa hoi kuliko alivyoondoka, na ndugu wakaambiwa ni bahati mbaya. Mimi hilo neno silikubali hata kidogo. Gesi iliyomo kwenye mtungi inapimika, umbali unajulikana, na mahitaji ya mgonjwa yanasomeka kwa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Jambo linalokokotolewa kwa dakika moja kwenye simu ya mkononi haliwezi kuitwa bahati mbaya.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye bega la mtungi pamegongwa ujazo wake wa maji kwa lita. Zidisha kwa bar (kipimo cha shinikizo) zinazosomeka kwenye geji, unapata lita za oksijeni zilizomo. Geji ikisoma psi, kipimo kingine cha shinikizo, gawanya kwanza kwa 14.5. Mtungi wa lita 10 wenye bar 120 una lita 1,200. Toa bar 15 za akiba, maana sindano ikishuka huko chini si ya kuaminiwa, unabaki na lita 1,050. Mgonjwa wa maski yenye mfuko anayetumia lita 15 kwa dakika atazimaliza kwa dakika 70. Sasa mpeleke kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini: zaidi ya kilomita 100, kipande kirefu kikiwa ndani ya hifadhi ambako mwendo una kikomo na matuta yamewekwa kwa ajili ya wanyama, na mbele yako kuna msururu wa malori. Dakika 70 hazikufikishi. Ule mtungi mdogo wa kubebeka, saizi E, ndio mbaya zaidi: ukiwa umejaa kabisa una takriban lita 680, yaani dakika 45 kwa lita 15.

Kwa hiyo chukua muda wa safari, zidisha mara mbili, ndipo utafute mtungi. Wapo wanaoona huo ni ubadhirifu. Nusu ya pili ni ya pancha, ya daraja lililofungwa, na zaidi ya yote ni ya kusubiri mlangoni kwa wanaopokea. Oktoba 2015 jijini Nairobi majeruhi wa ajali ya barabarani alikaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 akisubiri kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Katiba ya Kenya, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ibara nzuri, lakini mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika akisubirishwa muda huo anamaliza lita 10,800, sawa na mitungi midogo 16. Ambulensi ya kawaida haibebi hiyo.

Halafu kuna geji inayodanganya, na hapa ndipo hata wazoefu wanaponaswa. Ukifunga valvu ya mtungi bila kuachia gesi iliyobaki kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza shinikizo kinachofungwa mdomoni mwa mtungi, sindano inabaki pale pale. Asubuhi mtu anachungulia, anaona bar 130, anaandika "ipo". Kumbe anasoma shinikizo lililonaswa jana. Geji inasomwa valvu ikiwa imefunguliwa, basi. Na baada ya safari unafunga valvu ya mtungi kwanza, unaiacha gesi itoke mpaka kijipira kianguke kwenye kioo cha lita na sindano irudi sifuri, kisha unafunga kitufe cha mtiririko. Anayefunga kitufe peke yake na kuacha valvu wazi amelaza mtungi unaovuja polepole usiku kucha.

Mahali pa kuvujia mara nyingi ni pale regyuleta inapokutana na mtungi. Pana washa ndogo ya muhuri, ya mpira wenye pete ya chuma, inayodondoka wakati wa kubadilisha mitungi na kupotea kwenye sakafu ya gari. Weka mbili za akiba kwenye kimfuko, ukifunge palipo na spana ya mtungi, na spana yenyewe ifungwe kwa mnyororo. Ukisikia mlio wa hewa, paka povu la sabuni uone mapovu yanatoka wapi. Usipake grisi, usipake mafuta ya kujipaka, usishike kwa mikono yenye mafuta ya gari. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta, mafuta yanaweza kuwaka ghafla. Kabla ya kufunga regyuleta, fungua valvu kidogo sana, mdomo ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, ili vumbi litoke. Na mtungi ufungwe kwa mikanda. Ukilala huru sakafuni, gari likifunga breki kali unaruka na kumuua mliyekuwa mnamwokoa.

Tatizo lenyewe, kwa maoni yangu, ni kwamba mtungi wa ndani ya gari hauna mwenyewe. Dereva yuko chini ya utawala, naye anaulizwa mafuta na tairi. Muuguzi wa kusindikiza anachomolewa wodini dakika kumi kabla ya safari, gari hajalitia machoni wiki nzima. Daktari anaandika fomu ya rufaa, hatoki nje. Watu watatu, na kila mmoja anaamini mwenzake ameangalia. Wakati huohuo, siku gari lilipokabidhiwa lilipigwa picha nyingi, funguo zikainuliwa juu, hotuba zikatolewa, na sijawahi kuona kwenye picha hizo kiongozi aliyepanda nyuma akafungua valvu. Naomba siku moja mwandishi wa habari aulize hapo hapo, mbele ya kamera: mtungi huu utajazwa wapi, na nani atalipa?

Nakubali, shingo upande, kwamba kujaza mtungi si jambo dogo. Baada ya Uviko-19 ilijengwa mitambo ya kuzalisha oksijeni kwenye hospitali kadhaa za mikoa, na hilo ni jema. Ila hospitali nyingine za wilaya bado zinasafirisha mitungi mbali kwenda kuijaza. Sawa. Ukiwa na mtungi nusu, ndiyo sababu zaidi ya kuhesabu. Na punguza matumizi kwa akili: mgonjwa mwenye oksijeni ya damu asilimia 99 kwa lita 15 anapewa asichohitaji. Kwa watu wazima wengi 94 hadi 98 inatosha. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaozuia hewa, 88 hadi 92. Akitulia, mshushe kwenye maski ya kawaida lita 6, au mrija wa puani lita 2 hadi 4, ukimwangalia kila mara. Lita 1,050 zile zile zilizokupa dakika 70 sasa zinakupa karibu saa tatu kwa lita 6. Lakini maski yenye mfuko usiishushe chini ya lita 10 kwa kubana matumizi. Mfuko ukinywea mgonjwa anakosa hewa.

Na mtungi ukiisha kweli, vua hiyo maski yenye mfuko mara moja. Bila mtiririko inambana. Anayepumua mwenyewe mkalishe, avute hewa ya kawaida. Asiyepumua vizuri, shika ambubagi, ule mfuko wa kumpumulisha kwa kubana kwa mkono: inafanya kazi bila mtungi, kwa hewa yenye oksijeni asilimia 21. Bana mara moja kila sekunde sita kwa mtu mzima, kifua kiinuke, usiharakishe. Kama ambubagi iko kwenye kabati lililofungwa na ufunguo uko kwa mtu aliyebaki hospitali, basi hapo sina la kusema.

Mengine nayapitia. Mashine ya kufyonza makohozi iwe kwenye chaji kila gari linapolala. Piga simu unakopeleka kabla ya kuondoka. Madereva wa mabasi, pisheni king'ora. Na majeruhi anatibiwa kwanza, PF3, fomu ya polisi, inafuata.

Kuna mfano wa kujifunza hapa hapa nyumbani Tanzania. M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, kwa namba ya bure 115, imeonyesha kwamba rufaa ya mama na mtoto mchanga inaweza kupangwa na mtu aliyekaa kituoni, anayejua gari liko wapi na safari ni ndefu kiasi gani. Mtu huyo huyo akiuliza swali moja la ziada, "mtungi una bar ngapi?", na kuandika jibu, atalikamata tatizo gari likiwa bado getini.

Mganga mfawidhi unayesoma hapa, kesho asubuhi bandika karatasi kwenye mlango wa nyuma wa gari. Safu nne: tarehe, bar valvu ikiwa wazi, ujazo wa mtungi, dakika zilizomo kwa lita 10. Sahihi mbili, ya dereva na ya muuguzi wa zamu, kila wanapobadilishana. Neno "ipo" lisikubalike kwenye karatasi hiyo. Gari likirudi kutoka rufaa, mtungi ubadilishwe kabla dereva hajaruhusiwa kwenda kulala.