Kabla ya kumlaumu jirani asiyekula pilau yako, jiulize nani alichinja

Kila ikifika wiki ya mwisho ya Desemba kuna maneno yanazunguka mitaani hapa Dodoma, Chang'ombe hadi Nzuguni, na kila yakinifikia yananiudhi upya: "Waislamu wa siku hizi hawali kwetu. Zamani tulikula pamoja, sasa wameshika dini mno." Msemaji huwa ni mtu ambaye sahani yake ya Krismasi ilipokelewa mlangoni kwa shukrani, halafu akasikia kwamba pilau imeliwa na mpangaji wa chumba cha pili.

Mara nyingi sahani hiyo iliharibika alfajiri, pale mbuzi alipochinjwa, na hakuna kiungo cha kuirekebisha ikishafika saa saba mchana.

Hiyo zamani inayokumbukwa ilikuwa na utaratibu wake. Kwenye nyumba za uani mmoja, Majengo au Makole, Mkristo mwenye mbuzi wa sikukuu alimgongea jirani Mwislamu alfajiri: "Shikamoo baba, njoo utuchinjie." Uani mzima ukaona. Mchana hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu chochote. Sasa mji umetanuka, watu wamehamia Iyumbu na Ilazo, kila nyumba ina ukuta na geti, na mbuzi anachinjwa humo ndani na yeyote aliyeshika kisu. Kisha tunashangaa jirani anasita.

Mchinjaji aombwe siku mbili kabla. Asubuhi ya tarehe 25 mtaa mzima unamtafuta mtu yule yule, na anayekosa ndiye anayekuja kusema "basi tuchinje wenyewe, Mungu ni mmoja". Kisu kiwe kirefu, kinolewe usiku, kisinolewe mbele ya mnyama. Mbuzi alazwe ubavu wa kushoto akielekea kibla. Mchinjaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapokata, na akate koromeo, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili za shingo. Kichwa kisitenganishwe papo hapo. Damu iachwe itoke, mnyama atulie kabisa, ndipo achunwe. Wanaoharibu hapa ni vijana wenye haraka: mbuzi bado anarusha miguu, wao wameshaanza na ngozi. Na mbuzi akikabwa na kamba usiku akafa, huyo ni kibudu. Usimwite mtu aje kumpitishia kisu kwa ajili ya kuonekana. Huko ni kumdhulumu jirani.

Kuku nao wana mchinjo ule ule, na hapa ndipo wengi wanasahau. Mbuzi kachinjwa vizuri mbele ya mashahidi, halafu kuku wanne wamenyongwa nyuma ya jiko, na vyote vinaishia kwenye sinia moja.

Ukishamaliza uani, nenda jikoni. Sufuria iliyopikiwa kitimoto haiwi safi kwa kusuguliwa na sabuni. Waislamu wengi wa huku ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo tenga sufuria ya wageni, na mwiko wake, na ubao wake wa kukatia. Sufuria za kukodi ziulizie zilitoka shughuli gani. Mafuta yaliyokaangiwa kitimoto yasirudi kwenye vitunguu vya pilau, hata yakiwa yamechujwa. Wavu wa kuchomea ni vivyo hivyo.

Halafu kuna mvinyo. Mji huu unalima zabibu, na siku hizi wapishi wanapenda kulowekea nyama kwenye mvinyo, wengine bia, wakiamini moto unaondoa kila kitu. Kwa jirani yako hauondoi. Naelewa sababu: mbuzi wa Desemba huku kwetu ametoka kwenye miezi ya kiangazi, amekonda, nyama yake ni ngumu. Tumia papai bichi. Likune, changanya vijiko viwili vya chakula kwa kila kilo ya nyama, acha saa moja, kisha chemsha. Ukiacha usiku kucha nyama inakuwa uji.

Mbuzi wa kawaida wa mnadani, wa kilo 20 hadi 25 akiwa hai, anatoa karibu kilo 10 za nyama na mifupa. Kwa pilau, kilo 1 ya mchele na robo tatu ya nyama inatosha watu 8. Vitunguu 4, robo lita ya mafuta ya alizeti, saumu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu chache. Kitunguu kiive mpaka kiwe kahawia, kisiungue; kikiungua pilau inakuwa chungu na viungo havifichi. Supu kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele mpya, viwili kwa mchele wa zamani. Ikikaribia kukauka, punguza moto chini, funika, palia makaa juu ya mfuniko.

Najua watakaonijibu na Surat al-Maida, aya ya 5, kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu. Aya ipo, na masheikh wanaijadili. Lakini Mkristo aliyeshika sahani mlangoni si mahali pake kumsomea jirani Kitabu chake mwenyewe ili amlazimishe kula. Ukarimu unaoanza kwa mabishano umeshakufa. Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami naikubali shingo upande: wapo Wakristo ambao dhamira yao haiwaruhusu kula kilichochinjwa kwa dua ya dini nyingine. Hawa waheshimiwe pia, maana tuliona mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, suala la nani achinje lilipofikia kuua mtu. Mwenye dhamira hiyo apike vyungu viwili. Au ampelekee jirani kuku mzima aliye hai, mchele na kitunguu, ajipikie. Ni zawadi kamili, haina pungufu. Na kama jirani hapendi kushiriki sikukuu yako kabisa, msalimie, muache kwa amani.

Ila wengi wetu hatuna hata dhamira hiyo. Tuna uvivu. Ushahidi ni misibani: watu wakifiwa, kamati inamtafuta mchinjaji Mwislamu bila mjadala, kwa sababu kila mtu anajua waombolezaji ni mchanganyiko. Harusini vivyo hivyo. Kinachotushinda Krismasi ni nini?

Upande wa pili nao una kazi. Idi el Fitri ya 2025 na ya 2026 zote zimeangukia ndani ya Kwaresima. Idi ikitua Ijumaa, Mkatoliki hali nyama siku hiyo. Mpelekee tambi, kaimati, maandazi, na biriani umhifadhie kesho yake. Jirani Mhindu asiyekula nyama usimrudishie sahani yake ya Diwali ikiwa na sambusa za ng'ombe, wala viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki. Msabato nguruwe hali, kwa hiyo chungu cha wageni kinamfaa moja kwa moja.

Na mjiandae na kalenda. Mwaka wa Kiislamu unatangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na Ramadhani inarudi Desemba. Krismasi ya 1998, 1999 na 2000 zilikuwa ndani ya mfungo. Ya 2031 na ya 2032 zitakuwa hivyo tena. Sahani ya saa saba mchana itakuwa haina maana. Mchinjaji atakuja kama kawaida, saumu haimzuii kuchinja, ila mwite alfajiri kabla jua halijamchosha. Pilau ipikwe alasiri, na sahani ifike kwa jirani saa 12 na nusu jioni, kabla ya adhana ya magharibi, pamoja na tende na uji wa pilipili manga, maana hakuna anayefungua kinywa kwa pilau kavu.